Vimeng'enya Vinavyovunja Dawa: Jinsi Bakteria Wanavyopeana Usugu na Funzo Kutoka Moshi

Mgonjwa anapofikishwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC mjini Moshi akiwa na homa kali itokanayo na maambukizi ya damu, uhai wake hutegemea kwa kiasi kikubwa jambo moja: iwapo dawa atakayochomwa katika saa za mwanzo bado ina uwezo wa kuwaua bakteria waliomshambulia. Majibu ya maabara ya kuotesha vimelea huchukua siku mbili au zaidi, na katika muda huo daktari hulazimika kuchagua dawa kwa kuzingatia mwongozo wa matibabu na uzoefu. Iwapo bakteria hao wamekwisha kupata silaha ya kuivunja dawa hiyo, muda huo wa thamani hupotea bure.

Hali hiyo ndiyo inayojulikana kama usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au kwa kifupi UVIDA. Kwa mujibu wa tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2022, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu takribani milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019, na ulihusishwa na vifo milioni 4.95. Eneo la Afrika Kusini mwa Sahara ni miongoni mwa maeneo yaliyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Mara nyingi usugu huelezwa kana kwamba ni mwili wa mgonjwa uliozoea dawa. Maelezo hayo si sahihi. Anayekuwa sugu ni bakteria, wala si mgonjwa, na usugu huo anaweza kumpa bakteria mwingine, hata asiye wa jamii yake. Makala haya yanaeleza namna bakteria wanavyoupata usugu huo, na kwa nini mazingira ya Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro yanatoa funzo muhimu kwa Taifa.

Kimeng'enya huvunjaje dawa?

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya kiumbe hai. Mate ya binadamu, kwa mfano, yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Bakteria nao wana vimeng'enya vya kila aina, vikiwemo vile vinavyowajengea ukuta wa seli, ambao bila huo hupasuka na kufa.

Dawa za jamii ya penisilini, kama vile ampisilini na amoksilini, pamoja na zile za jamii ya sefalosporini kama seftriaksoni, hufanya kazi kwa kuuzuia ujenzi wa ukuta huo. Molekuli za dawa hizo zina sehemu yenye umbo la pete ya atomu nne, iitwayo pete ya beta-laktamu. Pete hiyo hunasa kwenye vimeng'enya vya ujenzi na kuvifunga visiendelee na kazi.

Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya cha aina nyingine kiitwacho beta-laktamasi. Kazi yake ni kuifungua ile pete kwa kutumia maji. Pete ikishafunguka, dawa haina tena umbo la kunasa mahali pake, na hubaki mabaki yasiyo na madhara kwa bakteria. Kwa kuwa kimeng'enya hakimaliziki kinapofanya kazi, molekuli moja ya beta-laktamasi huweza kuharibu molekuli nyingi za dawa, moja baada ya nyingine. Kumwongezea mgonjwa dozi ya dawa ileile, kwa hiyo, hakusaidii kila wakati.

Zipo pia njia nyingine za vimeng'enya kuishinda dawa. Baadhi haviivunji, bali huibandika kipande cha kikemikali kinachoizuia kushika mahali pake. Hivyo ndivyo inavyotokea kwa jentamaisini, dawa inayotegemewa sana katika kutibu maambukizi ya damu kwa watoto wachanga, na pia kwa kloramfenikoli.

Usugu ni wa kale kuliko dawa za hospitali

Alexander Fleming aligundua penisilini jijini London mwaka 1928. Mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaanza kutumika kwa wingi, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford waliripoti kuwapo kwa kimeng'enya cha bakteria chenye uwezo wa kuiharibu. Kimeng'enya hicho hakikuundwa kwa sababu ya hospitali. Kuvu na bakteria wa udongoni wamekuwa wakipambana kwa kemikali kwa mamilioni ya miaka, na penisilini yenyewe hutoka kwa kuvu. Mwaka 2011 watafiti walieleza kuwa walikuta jeni za usugu, zikiwemo za beta-laktamasi, katika udongo ulioganda Kaskazini mwa Amerika kwa takribani miaka 30,000.

Binadamu, basi, hakuubuni usugu. Alichofanya ni kuupa nafasi ya kuenea. Kila dawa inapotumika, bakteria dhaifu hufa na wale wenye kimeng'enya hubaki wakiwa na nafasi na chakula cha kutosha. Bakteria aina ya *Escherichia coli*, akiwa katika mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa kasi hiyo, bakteria mmoja huweza kuzaa zaidi ya bilioni moja ndani ya saa 10. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitahadharisha kuwa matumizi ya penisilini kwa kiwango kidogo kisichotosha yangeweza kuwafunza vijidudu kuihimili.

Njia ambazo bakteria huzitumia kupata jeni za usugu

Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya huhifadhiwa katika jeni. Bakteria anaweza kupata jeni ya usugu kwa njia kuu nne.

Njia ya kwanza ni mabadiliko ya ghafla katika vinasaba vyake mwenyewe wakati wa kugawanyika. Badiliko dogo la herufi moja au mbili huweza kukifanya kimeng'enya kilichokuwa kikivunja penisilini pekee kiweze kuvunja pia sefalosporini. Vimeng'enya vya namna hiyo huitwa beta-laktamasi za wigo mpana.

Njia ya pili ni kuokota vinasaba vya bakteria waliokufa. Frederick Griffith wa Uingereza alionesha mwaka 1928 kuwa bakteria wa nimonia wasio na madhara hugeuka kuwa hatari wakichanganywa na mabaki ya wenzao wakali waliouawa kwa joto.

Njia ya tatu hupitia virusi vinavyoshambulia bakteria. Virusi hivyo, vinapotoka katika seli moja kwenda nyingine, wakati mwingine hubeba kwa bahati mbaya kipande cha vinasaba vya mwenyeji wa awali.

Njia ya nne ndiyo yenye athari kubwa zaidi hospitalini. Bakteria wengi, mbali na kromosomu yao, wana vipande vidogo vya vinasaba vyenye umbo la duara viitwavyo plasmidi. Bakteria mwenye plasmidi hujishikiza kwa mwenzake, hujenga kiungo baina yao, kisha humpa nakala huku akibaki na yake. Wanasayansi wa Japani walilithibitisha jambo hili mwaka 1959 walipokuwa wakichunguza bakteria wa kuhara damu waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa wakati mmoja. Walipowachanganya bakteria sugu na wasio sugu, usugu wote ulihamia kwa wale wasiokuwa nao.

Plasmidi moja huweza kubeba jeni nyingi za usugu kwa pamoja. Kutokana na hali hiyo, mtu anayetumia amoksilini anaweza bila kujua kuwa anawastawisha bakteria sugu pia kwa jentamaisini au dawa nyingine ambayo hajawahi kuimeza.

Safari ya jeni moja hadi Moshi

Mfano ulio wazi ni jeni za kundi liitwalo CTX-M. Asili yake ni bakteria wa jenasi ya *Kluyvera*, ambao kwa kawaida si tishio kubwa kwa binadamu. Kipande cha vinasaba chenye uwezo wa kuhama kiliinyakua jeni hiyo kutoka katika kromosomu ya *Kluyvera* na kuipandikiza kwenye plasmidi. Kuanzia hapo ilipata usafiri. Kimeng'enya cha CTX-M kilielezwa nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980. Aina yake iitwayo CTX-M-15 iliripotiwa kutoka India mwaka 2001, na tangu hapo imeenea katika mabara yote yenye watu.

Nchini Tanzania, utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2005 uliikuta CTX-M-15 katika bakteria waliotolewa kwenye damu ya watoto. Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha: miongoni mwa watoto walioshambuliwa na bakteria wenye beta-laktamasi za wigo mpana, asilimia 71 walifariki dunia, ikilinganishwa na asilimia 39 kwa walioshambuliwa na bakteria wasio na vimeng'enya hivyo.

Mjini Moshi, watafiti wa KCMC na Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu Kilimanjaro (KCRI) wamekuwa wakisoma mfuatano mzima wa vinasaba vya bakteria waliopatikana kwa wagonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu *Escherichia coli* yalionesha kuwa bakteria hao ni wa koo nyingi tofauti, huku jeni ya CTX-M-15 ikijitokeza miongoni mwao.

Jambo hilo lina uzito wa pekee. Kama bakteria sugu wote wangekuwa wa ukoo mmoja, tatizo lingeweza kuhusishwa na mlipuko mmoja, na hatua za kusafisha wodi moja zingeweza kutosha. Koo zinapokuwa nyingi, ni dalili kuwa jeni yenyewe inasafiri na kuingia kwa bakteria mbalimbali, ndani na nje ya hospitali. Anayepaswa kuzuiwa, kwa hiyo, si bakteria mmoja tu, bali ni jeni pamoja na njia zote inazopitia.

Madaktari wanapokutana na beta-laktamasi za wigo mpana, hukimbilia dawa za jamii ya karbapenemu, ambazo ni ghali na hazipatikani katika kila kituo. Hata hizo tayari zina vimeng'enya vya kuzivunja. Kimojawapo ni NDM-1, kilichotambuliwa mwaka 2008. Mwaka 2014 watafiti wa jijini Mwanza waliripoti kuwapo kwa jeni za vimeng'enya vya aina hiyo katika bakteria kutoka hospitali ya rufaa ya kanda.

Homa isiyopimwa

Moshi imechangia pia kuonesha kwa nini vipimo ni sehemu ya kulinda dawa. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7, walidhaniwa kuwa na malaria kutokana na dalili zao. Uchunguzi wa maabara ulionesha kuwa malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 pekee, sawa na asilimia 1.6. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria au kuvu katika damu, na wengine magonjwa yatokayo kwa wanyama, yakiwemo homa ya mgunda na homa ya Q.

Tangu wakati huo, kipimo cha haraka cha malaria kimeenea nchini na matumizi holela ya dawa za malaria yamepungua. Hata hivyo, kipimo kinapoonesha kuwa hakuna malaria, mara nyingi mgonjwa huondoka na antibiotiki badala yake. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa, na kuchapishwa mwaka 2014, ulibaini kuwa asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibiotiki haiutibu.

Mtoto mwenye mafua akipewa antibiotiki hapati nafuu yoyote itokanayo na dawa hiyo. Kinachobadilika ni hali ya tumbo lake: bakteria wa kawaida hupungua, na wale wenye vimeng'enya huongezeka. Mtoto huyo huonekana mzima kabisa, lakini amekuwa mbebaji, na huweza kuwaambukiza wenzake nyumbani au shuleni.

Mlima, maji na mifugo

Miteremko ya Kilimanjaro ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa wa watu nchini. Katika kihamba, migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini, mbuzi, kuku na familia huishi katika eneo moja dogo, na samadi ya mifugo ndiyo mbolea ya migomba. Maji hushuka kutoka msituni kupitia mito na mifereji ya asili ya Wachagga, hupita vijijini na mjini, kisha hufika katika mashamba ya mpunga ya tambarare. Mfumo huo umewalisha watu kwa karne nyingi. Lakini jambo linaloufanya uwe na rutuba, yaani kila kitu kurudi katika udongo na maji, ndilo pia linalozipa jeni za usugu njia ya kupita endapo kinyesi cha binadamu na cha wanyama hakidhibitiwi.

Watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya jijini Arusha, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington nchini Marekani, walichunguza *Escherichia coli* katika kaya za Wachagga, Waarusha na Wamaasai wa Kaskazini mwa Tanzania. Walibaini kuwa namna jamii hizo zinavyotumia dawa za mifugo zinatofautiana sana. Wafugaji wa Kimaasai mara nyingi hununua dawa na kuwachoma mifugo wenyewe, ilhali Wachagga huwategemea zaidi wataalamu wa mifugo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 na 2020 yalionesha kuwa bakteria sugu wameenea kwa watu, mifugo na mazingira, na kwamba kiasi cha dawa kinachotumika hakitoshi peke yake kueleza mtawanyiko huo. Mazingira yanayorahisisha kuambukizana yana uzito mkubwa.

Funzo lake ni kwamba kupunguza matumizi ya dawa ni lazima, lakini hakutoshi. Kaya isiyotumia antibiotiki kabisa inaweza kupokea bakteria sugu kupitia maji ya kunywa, maziwa yasiyochemshwa au mikono isiyonawiwa. Choo bora, maji safi na uchemshaji wa maziwa ni vita dhidi ya usugu sawasawa na cheti cha daktari.

Hatua za Serikali

Serikali ilizindua Mpango Kazi wa Taifa wa Kukabiliana na Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa wa mwaka 2017 hadi 2022, na kuufuatiwa na mpango wa pili wa mwaka 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inafuata dhana ya Afya Moja, inayoziunganisha sekta za afya ya binadamu, mifugo, kilimo na mazingira. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inasimamia ubora, usalama na uuzaji wa dawa, kwa kuwa dawa duni yenye kiambato pungufu nayo huwaacha hai bakteria wenye nguvu. Aidha, kampeni ya Holela-Holela Itakukosti imeupeleka ujumbe huu kwa wananchi kwa lugha wanayoizoea.

Katika ngazi ya kimataifa, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana mwezi Septemba 2024 kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu wa bakteria kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba ni Wiki ya Uhamasishaji kuhusu usugu huo duniani.

Chanjo nazo ni sehemu ya mapambano haya. Tanzania ilianza kutoa chanjo za kuzuia nimonia na kuhara kwa watoto wachanga mwaka 2013. Kila ugonjwa unaozuiwa kwa chanjo ni dozi ya antibiotiki isiyohitajika.

Wajibu wa kila mwananchi

Wataalamu wa afya wanasisitiza mambo yafuatayo:

- Kutotumia antibiotiki bila kupimwa na kuandikiwa na mtaalamu, na kutomshinikiza mhudumu wa afya au muuza dawa kuitoa kwa ajili ya mafua au kikohozi cha kawaida.
- Kutumia dawa kwa kiwango, saa na siku zilizoelekezwa, na kutompa mtu mwingine dawa iliyobaki.
- Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kuhudumia mifugo na kabla ya kuandaa chakula.
- Kuchemsha maziwa na kunywa maji yaliyochemshwa au kutibiwa.
- Kumwita mtaalamu wa mifugo kabla ya kutumia dawa, na kutouza maziwa, mayai au nyama hadi siku zilizoelekezwa baada ya tiba ziishe.
- Kukamilisha chanjo za watoto kwa wakati.

Kwa watumishi wa afya, usafi wa mikono baina ya mgonjwa na mgonjwa, pamoja na kupeleka sampuli maabara kabla ya kuanza dawa pale inapowezekana, hukata njia ya jeni kusafiri ndani ya wodi na humwezesha daktari kubadili dawa kwa uhakika majibu yanapotoka.

Utengenezaji wa antibiotiki mpya huchukua miaka mingi na gharama kubwa, ilhali plasmidi huhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine kwa muda wa dakika chache. Katika mbio za namna hiyo, dawa zilizopo leo katika zahanati za Kilimanjaro na kwingineko nchini ni hazina ya pamoja. Dozi inayotumiwa ovyo katika kaya moja hupunguza nguvu ya dawa ambayo kesho itahitajika kuokoa maisha ya mtoto wa kaya nyingine.